Je, Aliyepitisha Tangazo la Uongo Hana Dhambi?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Katika mwaka 2025, nilipopata ruhusa ya kuja nyumbani kutoka chuo cha dini ninakofundisha ng'ambo, nilikaa siku chache Mlingotini, kijiji cha kata ya Zinga, kusini ya mji wa Bagamoyo ukishapita Kaole. Wenyeji wake wengi ni wavuvi, na kina mama hulima mwani katika maji ya ghuba. Huufunga mwani kwenye kamba wakati wa maji kupwa, na huuvuna baada ya majuma kadhaa. Ni kazi ya kuinama juani na chumvi mikononi, na malipo yake ni haba. Naitaja kazi hiyo ili ujue mapema ni fedha ya namna gani iliyopotea katika habari nitakayokusimulia.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliyefunga baiat mwaka uliotangulia alibaki nyuma mpaka watu wote wakatoka. Akasema, "Sheikh, nina swali, lakini naona haya kuliuliza mbele ya watu." Nikamwambia aulize.

Akaeleza kwamba aliona katika simu yake, kwenye mtandao mmoja wa kijamii, tangazo lenye picha ya tajiri mashuhuri. Tangazo lilisema kwamba tajiri huyo amefungua mlango wa mikopo kwa wananchi wanyonge, mikopo isiyo na riba. Kijana alipoona maneno hayo ya "isiyo na riba" alifurahi sana, maana tangu aingie katika Jumuiya alikuwa akijitahidi kuepukana na riba. Papo hapo akalipeleka tangazo lile kwenye kikundi cha simu cha jamaa na majirani, akaongeza maneno yake mwenyewe matatu: "Tujaribu jamani. Halali."

Katika kikundi kile alikuwamo shangazi yake, mjane, mkulima wa mwani, ambaye wenzake walimkabidhi sanduku la kikoba chao. Mama huyo akapiga namba iliyoandikwa. Akaambiwa atume shilingi 35,000, gharama ya fomu. Akatuma. Akaambiwa atume 60,000, bima ya mkopo. Akatuma. Akaambiwa atume 85,000 za kufungulia akaunti, na kwamba fedha zote zitarudi pamoja na mkopo jioni ile ile. Akatuma. Jioni namba ile haikupatikana tena, wala haikupatikana mpaka leo. Shilingi 180,000 zilikuwa zimekwenda, na si zake peke yake, bali za kina mama wote wa kikoba.

Kijana alipopata habari aliwaandikia wenye mtandao kwa njia waliyoiweka wenyewe, akawaarifu kwamba tangazo hili ni la wizi. Baada ya siku kadhaa akajibiwa kwamba tangazo limekaguliwa na halikuonekana kuvunja kanuni. Siku aliyokuwa akizungumza nami, bado lilikuwa likionekana.

Akamaliza kwa kuuliza, "Sheikh, mimi sikula hata senti moja. Nilipitisha tu. Je, nina dhambi?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe siku mbili, kwani niliona swali lake si lake peke yake. Wenye mtandao nao husema maneno hayo hayo: sisi tumepitisha tu. Basi haya ninayokuandikia, ndugu msomaji, ndiyo niliyomjibu.

Mkono ndani ya lundo

Imesimuliwa na Abu Huraira r.a. katika Sahihi Muslim kwamba Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alipita sokoni akakuta lundo la nafaka linauzwa. Juu lilikuwa kavu na zuri. Akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Akamwuliza mwenye nafaka, ni nini hiki? Yule mtu akajibu kwamba mvua imeinyeshea. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona; kisha akatangaza kwamba mwenye kudanganya si mtu wake.

Zingatia mambo mawili katika habari hii. La kwanza, Mtume s.a.w. hakungoja mpaka mnunuzi aje akilia. Alikuwa mwenye amri juu ya soko la Madina, naye aliona kuwa ni wajibu wa mwenye amri kutia mkono mwenyewe. La pili, hakubishana na mfanyabiashara kama mvua imenyesha au haikunyesha. Huenda ilinyesha kweli. Kosa halikuwa mvua. Kosa lilikuwa kujua kwamba ndani kuna maji, kisha kuwaacha watu waone ukavu wa juu.

Kurani Tukufu nayo, katika Sura ya 83 aya ya 2 hadi 4 (kwa hesabu yetu ambayo Bismillahi ni aya ya kwanza), yawaonya kwa maangamizo wale wanaopunja. Ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wanapowapimia watu hupunguza. Na Nabii Shuaib a.s., kama tusomavyo katika Sura ya 11, alitumwa kwa watu ambao pamoja na ushirikina wao ugonjwa wao mkubwa ulikuwa mizani ya uongo. Basi asidhani mtu kwamba mambo ya soko ni madogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Alileta Nabii kwa ajili yake.

Wenye soko la zama hizi

Sasa tuwatazame wenye soko la leo. Katika Novemba 2025 shirika la habari la Reuters lilitoa habari iliyotokana na hati za ndani za kampuni ya Meta ya Marekani, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Hati hizo zilionyesha kwamba kampuni yenyewe ilikadiria kuwa kiasi cha asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka 2024, yaani karibu dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizokatazwa. Zilisema pia kwamba kwa wastani watu huonyeshwa kila siku matangazo bilioni 15 yenye dalili kubwa za utapeli. Na mtangazaji hakufungiwa mpaka mitambo iwe na hakika ya asilimia 95 kuwa ni mdanganyifu. Akishukiwa chini ya kiwango hicho, hutozwa bei kubwa zaidi ya kutangaza.

Haki yataka tuseme na jibu lao. Kampuni ilisema kwamba makadirio yale yalikuwa ya juu juu na yamejumlisha mno, na kwamba katika mwaka 2025 ilikuwa imeondoa matangazo ya utapeli zaidi ya milioni 134. Sisi hatukatai kwamba wameondoa. Lakini nakuuliza, ndugu msomaji: mwenye soko akimshuku muuzaji kwamba mizani yake si ya haki, naye badala ya kuikagua mizani akamwongezea ushuru wa meza, je, huyo amewalinda wanunuzi, au amejitafutia fungu katika kile walichoibiwa? Mkono anao, tena mrefu kuliko mkono wa mtawala yeyote wa zamani. Lakini lundo limelowa, na ushuru wake unatoka katika lundo hilo hilo.

Nchi yetu imeyaona matunda yake. Wachunguzi wa Africa Check wameonyesha mara kadhaa kurasa za Facebook zilizojipachika jina na picha ya mfanyabiashara Mohammed Dewji zikiahidi mikopo asiyoijua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Watu wamekwisha ipa baadhi ya mikopo ya namna hiyo jina lake: kausha damu.

Mwenyezi Mungu aliyewakataza waumini wasisaidiane katika dhambi na uadui (5:3) hakuweka sharti kwamba msaada wenyewe uwe wa mkono. Msaada wa kukodisha ukuta wa kubandikia uongo ni msaada pia.

Mpitishaji naye

Tukisha wasema wakubwa, turudi kwetu, maana ni rahisi kuilaumu kampuni iliyo ng'ambo ya bahari na kusahau simu iliyo kiganjani.

Jabir r.a. amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume s.a.w. alimlaani mla riba, na mlipaji wake, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, akasema kwamba wao ni sawasawa. Mwandishi hakula riba. Mashahidi hawakula. Lakini bila kalamu yao na ushahidi wao mkataba ule usingesimama. Vile vile Ibn Umar r.a. amesimulia kwamba Mtume s.a.w. alikataza najash, yaani mtu kujitia anataka kununua bidhaa, akapandisha bei, na hali hana haja nayo ila kumvuta mwingine. Tazama chini ya matangazo ya leo: "Asanteni, mkopo wangu nimepokea." "Mimi nilidhani ni uongo, kumbe kweli." Najash ya Madina imehamia kwenye simu.

Na Kurani Tukufu yasema katika Sura ya 4 aya ya 86 kwamba anayesaidia jambo jema hupata fungu lake katika wema huo, na anayesaidia jambo ovu hubeba sehemu ya uovu wake. Na katika Sura ya 17 aya ya 37 tumekatazwa kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, kwa kuwa sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa.

Hata hivyo Uislamu ni dini ya uadilifu, haiwatii watu wote katika kapu moja. Tapeli amekusudia kuiba. Mwenye mtandao amejua, au ameweza kujua, akapokea fedha na kunyamaza. Lakini aliyepitisha kwa kudanganyika, naye akidhani anawatakia watu heri, hakukusudia ubaya, na Mola wetu hutuhesabu kwa nia zetu. Basi nilimwambia kijana yule: "Mwanangu, wewe si mwizi, wala mtu asikuite hivyo."

Alipoanza kupumua nikamwambia, "Lakini liko neno moja. Uliandika 'Halali'. Nani alikupa ujuzi wa kuitoa fatwa hiyo? Shangazi yako amekwisha ona matangazo mengi katika simu asiyajali. Hakuiamini picha ya tajiri. Alikuamini wewe, kwa sababu amekuona umeacha ulevi, unasali, huongopi. Tapeli aliazima uaminifu wako, nawe ulimwazima bila kumwuliza jina lake."

Ndugu msomaji uliyeingia karibuni katika Jumuiya hii, liangalie sana jambo hili. Tangu siku ulipofunga baiat, jirani zako wanakutazama, na neno lako limekuwa zito kuliko jana. Uzito huo ni amana. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipopokea baiat ya kwanza mjini Ludhiana, tarehe 23 Machi 1889, miongoni mwa masharti yake kumi sharti la pili lilikuwa kujiepusha na uongo na hiana, na la nne ni kutowadhuru viumbe wa Mwenyezi Mungu, si kwa ulimi, si kwa mkono, wala kwa njia nyingine yoyote. Kidole kinachobonyeza simu kimo ndani ya sharti hilo.

Vipimo vya mdai

Huenda utauliza: nitajuaje? Sina mitambo, wala sikusoma sheria. Nakujibu kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha tupa vipimo vya kumpimia kila mdai, na wewe uliyeichunguza dini unavijua tayari.

Kipimo cha kwanza ni maisha ya mdai kabla ya dai lake. Katika Sura ya 10 aya ya 17 Mtume s.a.w. anaamrishwa kuwakumbusha watu wa Makka kwamba ameishi nao umri mzima kabla ya hapo, je, hawafahamu? Walimwita Al-Amin kabla hajadai lolote. Kwa kipimo hicho hicho twamtambua Seyidna Ahmad a.s.: Maulvi Muhammad Husain wa Batala, aliyekuja kuwa mpinzani wake mkubwa, mwaka 1884 alikuwa amekisifu kitabu chake Barahini Ahmadiyya, na mwandishi wake pia, katika jarida lake mwenyewe. Basi uliulize tangazo: umri wako uko wapi? Ni nani aliyeishi nawe? Ukurasa uliofunguliwa juzi, namba isiyo na mwenyewe, ofisi isiyo na mlango, huo si umri.

Kipimo cha pili ni ujira. Sura ya 36 aya ya 22 yatutaka tuwafuate wale wasiotuomba ujira, nao wameongoka. Tapeli huanza kwa kuomba. Anayetaka kukupa milioni, kwa nini akuombe kwanza 35,000? Mvuvi wa Mlingotini hatupi ndoana tupu; huitia chambo, na chambo siku zote ni kidogo kuliko samaki. Ni hivyo hivyo kwa matangazo ya kukuita ujiunge na chama cha siri upate utajiri: kabla hujauona utajiri, utaombwa ada ya kuingia.

Hapa mtafutaji wa haki anaweza kuniuliza: na chanda ya Jumuiya yenu je? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba hakuna ada ya kufunga baiat; chanda haimwahidi mtu faida ya fedha wala kumrudishia mara mbili; hutolewa kwa hiari ya moyo na huandikiwa stakabadhi. Ukiona mtu yeyote, hata akiwa na kofia kama yetu, anakuomba fedha kwa jina la Mwenyezi Mungu akikuahidi mavuno ya shilingi, mpime kwa kipimo hiki hiki. Tukumbuke mpango wa DECI uliovunjika hapa nchini mwaka 2009. Watu walitoa fedha wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu na watavuna. Lugha ilikuwa ya ibada, lakini mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho.

Kipimo cha tatu ni uchunguzi. Sura ya 49 aya ya 7 yatuamuru kwamba mtu asiye mwema akituletea habari, tuipeleleze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Angalia, aya haikusema tusije tukadhurika tu. Imesema tusije tukawadhuru watu. Na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kama akisimulia kila anachokisikia.

Ya kufanya

Kwa hiyo, ndugu msomaji, shika mambo manne. Usilipe ili ulipwe. Usipitishe tangazo la fedha usilolihakiki, hata kama limepambwa kwa majina ya dini. Na kama hukupata nafasi ya kulihakiki, kunyamaza ni ibada. Ukipata ujumbe wa utapeli, uarifu namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na aliyeibiwa aende Polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015 na kukaa kimya ni kumpa mwizi usiku wa pili. La nne, waarifu wenye mtandao hata kama wamekupuuza jana. Wakikujibu kwamba hawakuona kosa, wewe umekwisha toa ushahidi wako, na ushahidi huo utakuwa hoja juu yao Siku ambayo hakuna kanuni ila za Mwenyezi Mungu.

Na tangazo likikuponyoka ukalipitisha, usijifiche. Nilimwambia kijana yule afanye toba kwa Mola wake. Kisha aandike katika kikundi kile kile, kwa uwazi ule ule, kwamba alisema "Halali" bila ujuzi na amekosea. Kisha, ingawa hakimu wa dunia huenda asimdai kitu, asaidie kulijaza sanduku la kikoba kwa kadiri ya uwezo wake.

Aliinama kwa muda mrefu. Yeye ni mvuvi katika mashua ya mtu, na 180,000 kwake si fedha ndogo. Hatimaye akasema, "Nitaanza Ijumaa."

Ijumaa ile alikwenda kwa shangazi yake na shilingi 20,000. Mama yule alikataa kuzipokea, akasema, "Aliyeniibia si wewe, baba." Kijana akamjibu, "Najua, shangazi. Lakini aliyekuja kwako kwa sura yangu ni yeye." Akaziweka juu ya sanduku akatoka. Nilipoondoka Mlingotini alikuwa amekwisha peleka 40,000. Tangazo sikuuliza tena kama limeondolewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao jirani zetu wanasalimika na ndimi zetu na mikono yetu. Awarudishie wanyonge kilicho chao, awape wenye masoko moyo wa kutia mkono katika lundo kabla mkono wa hukumu haujawafikia, na atulinde tusiwe mlango ambao mwizi aliupitia. Amin.

Wa aakhiru da'wana anil hamdu lillahi Rabbil aalamin.